Kabureta Inasingiziwa: Anza Kwenye Tenki

Ikiletwa pikapu ya zamani inayokata mafuta kwenye gereji yangu hapa Mbale, Uganda, kitu cha kwanza kutazama ni skrubu za kifuniko cha kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kwa ajili ya injini. Zikiwa zimechubuka vichwa, najua wenzangu wameshapita. Hilux ya mzee mmoja wa Kapchorwa zilikuwa zimechubuka hata bisibisi haishiki.

Ugonjwa wenyewe alinieleza hivi. Akipanda mlimani kurudi kwao na saruji, akikaribia Sipi gari linaanza kupungua nguvu, linakohoa, halafu linazima. Akikaa dakika kumi linawaka kama halijawahi kuumwa. Akishuka na kabichi, hakuna shida. Fundi wa kwanza alisema kabureta ni chafu. Wa pili akasema ni jeti, vile vitundu vidogo vya kabureta vinavyopima mafuta. Wa tatu akamfungia kabureta nyingine kabisa, iliyokwishatumika. Gari likazima palepale.

Tatizo ni kwamba kabureta haiendi kuchota mafuta. Inaletewa. Ina bakuli dogo lenye boya ndani, na injini inakunywa kutoka humo. Kwenye tambarare, hata mafuta yakija kwa kusuasua bakuli linajaa. Ukiwa na mzigo mlimani na mguu umekanyaga mpaka chini, injini inakunywa haraka kuliko bakuli linavyojazwa. Linakauka, gari linazima. Ukipumzika, mafuta yanajikusanya tena kidogo kidogo. Kwa hiyo gari linalozima mlimani na kuwaka baada ya mapumziko linalalamikia njia ya mafuta, na njia hiyo inaanzia nyuma kwenye tenki.

Hilux yenye injini ya 22R ina pampu ya mafuta iliyofungwa kwenye kichwa cha injini, inasukumwa na kamshafti, ule mhimili unaofungua vali. Ndani kuna dayaframu, kipande chembamba tu kinachopanda na kushuka. Presha yake ni kama pauni 3 au 4 kwa inchi ya mraba, wakati tairi la gari hilohilo lina zaidi ya 25. Kitu dhaifu namna hiyo ndicho kinachovuta mafuta kutoka nyuma ya gari mpaka mbele. Ukikiwekea kizuizi kidogo tu, kinashindwa.

Nikapanda naye mlimani, saruji ikiwa nyuma. Lilipozima nikamwambia, "Mzee, usiguse kitu." Nikaenda kwenye tenki, nikazungusha mfuniko polepole. Tenki likavuta hewa kwa mluzi mrefu. Chini ya mfuniko kulikuwa na kavera, yaani mfuko wa plastiki, imebonyea kuelekea ndani kama shavu la mtu asiye na meno.

Mfuniko wa asili ulikuwa umeibiwa. Alionunua haukukaa vizuri, mafuta yakawa yanamwagika kwenye kona, basi akaukaza kwa kavera. Mafuta yanayotoka tenkini lazima yaachie hewa nafasi yao. Hewa isipopata pa kuingilia, tenki linaanza kuyang'ang'ania mafuta, na ile pampu haina ubavu wa kuyanyang'anya. Tuliondoa kavera, tukaulegeza mfuniko kidogo, tukafika Kapchorwa bila kukohoa hata mara moja.

Mluzi usiposikika, usikimbilie kabureta bado. Chomoa mpira upande wa kuingilia kwenye pampu, upulize kurudi nyuma huku mwenzako ametega sikio kwenye tenki. Mapovu yakitokea kwa urahisi, njia iko wazi. Yakigoma kisha yakafunguka ghafla, kuna kutu au uchafu unaovutwa mdomoni mwa bomba kila injini ikivuta, halafu unadondoka ukizima. Dalili zake ni zilezile za kavera. Dawa yake ni kushusha tenki na kuliosha. Ukibadilisha filta peke yake, utarudi kwangu baada ya wiki.

Mpira huohuo uukague vizuri. Ufa kati ya tenki na pampu mara nyingi haudondoshi kitu, kwa sababu pale mafuta yanavutwa hayasukumwi, kwa hiyo unaingiza hewa kimyakimya na chini pakavu kabisa. Ukibadilisha, nunua mpira wa petroli. Wa maji unalainika, unaumuka kwa ndani, na umejitengenezea ugonjwa mpya.

Ndipo uje kwenye pampu. Injini iwe imepoa, anayevuta sigara aende mbali. Chomoa waya mdogo unaopeleka umeme kwenye koili ya kuwashia ili isirushe cheche, elekeza mpira wa kabureta kwenye chupa, piga stata. Mafuta yaje kwa mapigo yenye nguvu. Chomoa pia kijiti cha oili unuse. Kikinuka petroli, huenda dayaframu imepasuka, na gari lisiendeshwe tena mpaka pampu na oili vibadilishwe.

Yote hayo yakiwa sawa, sasa nakuruhusu kutazama kabureta, na nimesema kutazama. Kabureta nyingi za Toyota za wakati ule zina kidirisha cha kioo ubavuni mwa bakuli. Injini ikiwaka, usawa wa mafuta uonekane katikati ya kidirisha. Ukiwa chini ilhali pampu inaleta vizuri, sindano ya boya, ile inayofungulia mafuta kuingia bakulini, imekwama au kichujio cha pale mdomoni kimeziba. Jeti zisafishe kwa upepo wa kompresa. Nimeona watu wakizichokonoa kwa waya wa breki ya baiskeli. Jeti ni shaba, inapanuka, na kuanzia siku hiyo gari linakula mafuta kama lori.

Mzee aliporudi wiki iliyofuata alitaka kabureta yake ya kwanza, maana hii ya pili inafanya injini izunguke vibaya gari likiwa limesimama. Tukampigia yule fundi wa tatu. Alikuwa ameshaiuza.