Je, mtu anaweza kujisomea mpaka asihitaji shule wala chuo kikuu?

Miongoni mwa watahiniwa wa Mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari, ambao hapa Lubumbashi, Kongo, kila mtu anauita Exetat, kuna kundi lisilovaa sare ya buluu na nyeupe na lisiloletwa na shule yoyote. Ni akina mama walioacha masomo walipoolewa, makanika, wachuuzi, na vijana ambao wazazi wao walikosa karo walipokuwa karibu kumaliza. Taratibu za mtihani zinawaita autodidactes, yaani watu waliojisomea. Hupimwa kwanza katika mtihani wa awali. Wakipita, huandika Exetat pamoja na wanafunzi wa darasa la mwisho, na wakifaulu hupata diploma ileile ya Serikali. Kwa hiyo nchi yetu, ambayo inaheshimu vyeti kuliko nyingi, imekubali katika kanuni zake kwamba mtu anaweza kufika bila kupitia darasani.

Nilipolijua jambo hilo kwa mara ya kwanza nililichukua kama ushahidi wa imani niliyokuwa nayo tayari, kwamba shule si lazima, na imani hiyo ilimgharimu mdogo wangu mwaka mzima. Alikuwa amekwama katika mwaka wa pili wa chuo kikuu kwa sababu ya ada, nami nikamwambia abaki nyumbani na simu yake, kwa kuwa masomo yote ya uhasibu yapo kwenye intaneti bila malipo. Alifanya hivyo kwa bidii ambayo sijawahi kuiona kwake. Kila jioni alinieleza alichotazama, na alieleza vizuri. Kisha mwenye duka moja la vifaa vya ujenzi akamwomba afunge hesabu za mwezi mmoja, naye akakaa mbele ya daftari tangu asubuhi hadi jioni bila kujua mstari wa kwanza uandikwe nini. Hakuwa mvivu wala mjinga. Ushauri wangu ndio uliokuwa na kasoro, na imenichukua muda kuelewa kasoro hiyo ilikuwa wapi.

Nilidhani shule ni ghala la unga. Mzazi hulipa karo, mwalimu hufungua mlango, mtoto hupimiwa kilo zake na kurudi nyumbani. Basi siku unga unapogawiwa bure barabarani, hakuna tena sababu ya kulipa mwenye ghala. Wengi wanaobishana juu ya shule na kujisomea, wa pande zote mbili, wana picha hiyohiyo kichwani. Anayetetea shule husema unga wake ni safi zaidi, na anayeipinga husema unga wa bure unatosha. Wote wawili wanaafikiana kwamba kinachouzwa ni maarifa, na hapo ndipo sote tulipopotea, kwa sababu maarifa yalitoka ghalani zamani sana, tangu vitabu vilipoanza kuuzwa na kuazimwa. Kama maarifa peke yake yangetosha, kila mji wenye maktaba ungekuwa umefunga shule zake.

Mfano niliokuwa nikimpa mdogo wangu ulikuwa wa Michael Faraday, na nauleta hapa kwa sababu unathibitisha kinyume cha nilichokuwa nikisema. Faraday alizaliwa Uingereza mwaka 1791 katika nyumba ya mhunzi, akasoma shule kidogo tu, na akiwa na umri wa miaka 14 alianza kujifunza kazi ya kujalidi vitabu. Alisoma vitabu vilivyoletwa kujalidiwa. Mwaka 1831 aligundua jinsi sumaku inayosogezwa inavyozalisha umeme katika waya, na juu ya ugunduzi huo ndipo zinaposimama mashine zinazozalisha umeme leo, zikiwemo zile za mabwawa ya Inga kwenye Mto Kongo. Hadithi ikisimuliwa hivyo, mtu anamwona kijana mmoja, kitabu kimoja na mshumaa mmoja.

Lakini kuna mambo mengine katika maisha yake ambayo nilikuwa nikiyaruka. Faraday alijiunga na chama cha vijana wa London waliokutana kusikiliza mihadhara ya sayansi na kujadiliana. Mwaka 1812 alihudhuria mihadhara ya mkemia Humphry Davy, akaandika alichosikia, akakipanua, akachora vifaa, na kujalidi yote kuwa kitabu cha kurasa zipatazo 300, kisha akampelekea Davy mwenyewe. Mwezi Machi 1813 aliajiriwa kuwa msaidizi katika maabara ya Royal Institution, taasisi ya sayansi ya London, ambako kila siku alifanya kazi chini ya macho ya mmoja wa wakemia wakubwa wa zama zake. Kitabu kile kilikuwa mtihani ambao Faraday alijitungia, akaufanya, akautafutia msahihishaji. Hakuwahi kuwa peke yake kwa namna niliyofikiri, na alijitahidi sana asiwe peke yake.

Kwa nini msahihishaji ana uzito mkubwa kiasi hicho? Jibu liko katika kitu kimoja cha ajabu kuhusu akili, nacho ni kwamba hisia ya kujua na kujua kwenyewe ni vitu viwili vinavyotoka mahali tofauti. Fikiria mtu anayeimba katikati ya kwaya. Husikia ubeti wa pili ukitoka kinywani mwake bila kukwama, naye huamini kwamba anaujua. Siku akiombwa auimbe peke yake msibani, ndipo hugundua kwamba kila mstari ulikuwa ukianzishwa na jirani yake, nusu pumzi kabla yake. Hakudanganya mtu, sauti ilikuwa yake kweli. Kilichokuwa cha wengine ni mwanzo wa kila mstari, na mwanzo ndio wenye kazi. Au fikiria abiria anayepanda basi kila asubuhi kutoka mtaa wa Katuba hadi katikati ya mji kwa miaka kumi. Anaitambua kila kona inapofika. Mpe usukani, na penye njia panda ya tatu atauliza, kwa sababu kuitambua kona iliyo mbele ya macho ni kazi moja, na kuitoa kona kichwani kabla haijaonekana ni kazi nyingine kabisa.

Anayejisomea kwa kusoma na kutazama hubaki abiria. Video inapoeleza jinsi ya kulinganisha madeni na malipo, kila hatua inatanguliwa na mwalimu, na akili ya mtazamaji inaikubali kwa wepesi. Wepesi huo ndio anaouchukua kuwa ni ujuzi. Akitazama mara ya pili wepesi unaongezeka, na imani inaongezeka pamoja nao, ijapokuwa uwezo wa kuanza mwenyewe kwenye karatasi tupu haujasogea sana. Hivi ndivyo mdogo wangu alivyoweza kunieleza kila jioni alichokuwa ametoka kutazama na bado akashindwa na daftari la duka.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliyaonyesha haya kwa jaribio ambalo naliona zuri kwa usahili wake. Kundi moja la wanafunzi lilisoma kifungu cha maneno katika vipindi vinne. Kundi jingine lilikisoma katika kipindi kimoja tu, kisha mara tatu likaandika kila lilichokumbuka, kifungu kikiwa kimefichwa na bila kusahihishwa. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma vipindi vyote vinne walishinda, wakikumbuka takriban asilimia 83 ya kifungu dhidi ya 71. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yaligeuka: waliorudia kusoma walibaki na takriban asilimia 40, nao waliojilazimisha kukumbuka walibaki na takriban 61. Na wale waliorudia kusoma ndio waliokuwa na uhakika mkubwa zaidi kwamba wangekumbuka.

Mtu asidhani basi kwamba wanafunzi wa chuo kikuu wanaijua siri hii. Mwaka 2009 Karpicke na wenzake waliwauliza wanafunzi 177 wa chuo kikuu wanavyosoma. Takriban asilimia 84 walitaja kurudia kusoma, na takriban 11 tu walitaja kujipima kwa kukumbuka. Wakiachwa wenyewe, wanafanya kosa lile la mdogo wangu. Tofauti yao naye ni kwamba wao hawaachwi wenyewe. Kuna interogasioni ya Jumatatu, yaani jaribio fupi la darasani, ambayo hawakuiomba, kuna ubao ambao mwalimu humwita mtu bila kumwonya, na kuna mtihani unaomweka kila mmoja mbele ya karatasi tupu, atake asitake. Kwa miaka mingi nilihesabu mitihani kuwa ni mzigo uliowekwa juu ya elimu. Sasa naiona kuwa sehemu ya elimu ambayo ni ngumu kuliko zote kuipata peke yako.

Hapa lazima nipunguze mwendo. Jaribio la mwaka 2006 lilihusu kukumbuka vifungu vifupi vya maandishi, na halisemi lolote juu ya kushona, kuchomelea vyuma au kumpasua mgonjwa. Tena kujipima bila msahihishaji kuna mpaka wake: anayepima kitambaa kwa futi iliyokatika sentimita mbili ataona vipande vyote viko sawa, hata akipima mara mia, kwa kuwa kosa limo ndani ya kipimo chenyewe. Aliyeelewa vibaya tangu mwanzo atakumbuka vibaya kwa uimara zaidi kila anapojipima. Kujipima kunatibu kusahau. Kuelewa vibaya kunataka mtu mwingine.

Kuna ushahidi pia kutoka kwa masomo ya intaneti, lakini unahitaji kushikwa kwa uangalifu. Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walichapisha mwaka 2019 hesabu za masomo ya vyuo vikuu vya Harvard na MIT kwenye jukwaa la edX, na katika mwaka wa 2017 hadi 2018 waliomaliza walikuwa takriban asilimia 3 ya waliojiandikisha. Takwimu hiyo hunukuliwa kama hukumu ya kifo juu ya kujisomea, na si haki, kwa sababu wengi hujiandikisha kwa kuchungulia tu. Kati ya waliolipia cheti, waliomaliza walikaribia nusu. Hata hapo hatuwezi kusema kwamba malipo ndiyo yaliyowamalizisha, maana huenda waliolipa ndio waliokuwa wameazimia tangu awali.

Lililonishangaza kuliko hayo yote liko katika sheria za Marekani. Jimbo la California linaruhusu mtu kuwa wakili bila kusoma shule ya sheria: anasoma miaka minne katika ofisi ya wakili au jaji, angalau saa 18 kwa wiki, kisha anafanya mtihani wa uwakili kama wengine. Ni mlango wa wasiopita shuleni, kama ule wetu wa Exetat. Lakini kanuni zake zinadai kwamba msimamizi amtungie mwanafunzi wake mtihani wa maandishi angalau mara moja kila mwezi. Wameondoa jengo, wameondoa ukumbi wa mihadhara, na wamebakiza karatasi tupu na jicho la mtu mwingine.

Mji wetu una mfano wake wa mwaka 1946, wakati Lubumbashi ilipoitwa Élisabethville. Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji iliyojulikana kama Hangar, ambako wachoraji kama Pilipili Mulongoy, Mwenze Kibwanga na Bela walipewa rangi na karatasi, wakakatazwa kuiga michoro ya Ulaya. Hakuna aliyefundishwa namna ya kuchora, na Bela alichora kwa vidole. Huwa tunasema walijifundisha wenyewe, nasi tunasema kweli. Ila walichora pamoja katika karakana moja, na mtu asiyeona kitu ndani ya mchoro wake hakukosa jirani wa kumwuliza.

Kuhusu cheti chenyewe nitasema machache. Mchumi Michael Spence alieleza mwaka 1973 kwamba shahada inaweza kuwa na thamani kwa mwajiri hata kama haikuongeza ujuzi wowote, kwa sababu inamwonyesha nani aliweza kuvumilia njia ngumu. Hilo kujisomea hakuliondoi, na kwa kazi kama ya daktari hakupaswi kuliondoa. Hata hivyo ni swali tofauti na la kujua.

Mwaka uliofuata ule ambao mdogo wangu alishindwa na daftari la duka, niliwatembelea watu watano wa Katuba waliokuwa wakijiandaa kwa Exetat kama autodidactes. Nilidhani nitakuta kila mmoja na vitabu vyake. Nilikuta ubao uliopakwa rangi nyeusi kwenye ukuta wa nyumba ya mama mmoja anayeuza makala, yaani mkaa. Jumamosi alasiri madaftari yalirundikwa ndani ya beseni, na mmoja alisimama ubaoni kueleza somo la wiki huku wengine wakimkatiza. Maswali ya kuchagua jibu hayakuwatisha, kwa kuwa jibu liko mbele ya macho na linangoja kutambuliwa. Kilichowatisha ni insha ya Kifaransa, ambayo haina cha kutambua. Kwa hiyo walichanga pesa, wakamwendea mwalimu mmoja mstaafu wa mtaa wa pili, wakamwomba asiwafundishe kitu chochote. Walitaka tu azisome insha zao kila wiki na kuweka wino mwekundu. Mdogo wangu sasa ni mtu wa sita katika kundi hilo. Anawasaidia hesabu, nao humpa kila Jumamosi daftari la mauzo ya makala, bila video, ili alifunge mbele yao.