Je, wajua? Mzanzibari mmoja anaweza kuwa na siku tatu za kuzaliwa

Ukimwuliza kijana wa Mjini Unguja siku yake ya kuzaliwa, atakutajia tarehe iliyomo katika cheti chake, na huenda jioni ya siku hiyo wenzake wakamkatia keki yenye mishumaa au wakamvizia nje ya nyumba wammwagie ndoo ya maji. Ukimwuliza bibi yake wa Makunduchi au wa Wete, jibu huwa la namna nyengine: alizaliwa Mfunguo Tatu, yaani mwezi wa Dhulhija, usiku wa Ijumaa, siku chache kabla ya Idi. Wote wawili wamesema kweli. Tofauti ni kwamba hawakuhesabu kwa kalenda moja, na kalenda hizo hazitembei kwa mwendo mmoja.

Mwaka wa miladi hufuata mzunguko wa dunia kulizunguka jua, ambao huchukua siku 365 na karibu robo. Robo hizo ndizo zinazokusanywa na kuwa siku ya 29 Februari. Mwaka wa Hijria hufuata mwezi mwandamo. Kila mwezi wake una siku 29 au 30, na miezi 12 hufanya siku 354 au 355. Kwa hiyo mwaka huo ni mfupi kwa siku zipatazo 11, na aliyezaliwa mwezi wa Rajab ataiona siku yake ikirudi nyuma kila mwaka, kutoka kaskazi hadi vuli, kutoka vuli hadi kipupwe, mpaka iwe imepita katika majira yote.

Tuchukue mtoto aliyezaliwa tarehe 12 Januari 1964, siku ya Mapinduzi, ambayo ilikuwa Jumapili. Kwa hesabu ya mwezi, zilikuwa ni siku za mwisho za Shaaban ya mwaka 1383 Hijria, na watu walikuwa wakiingojea Ramadhani. Mtoto huyo alitimiza miaka 60 ya miladi tarehe 12 Januari 2024. Kwa Hijria, hata hivyo, 60 aliipita zamani: siku hiyo alikuwa na miaka 61 kamili, na ilibaki takriban miezi miwili tu kufikia 62.

Tofauti hii si ya kuchezea akili tu. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea Unguja na Pemba, mtoto ambaye hajaonesha dalili nyengine za kubaleghe huhesabiwa kuwa amebaleghe anapotimiza miaka 15, nayo ni miaka ya mwezi mwandamo. Miaka hiyo ni sawa na miaka 14 na miezi sita na siku kadhaa ya miladi. Mzazi anayesubiri tarehe ya cheti cha kuzaliwa ili aanze kumhesabia mwanawe sala na funga kuwa ni faradhi atakuwa amechelewa kwa zaidi ya miezi mitano, na huenda Ramadhani nzima ikawa imepita katikati.

Siku ya tatu inatokana na mwaka wa wakulima, wavuvi na manahodha, ambao wengine huuita Nairuzi na ambao asili yake ni Uajemi. Mwaka huo una siku 365, nazo huhesabiwa kwa miongo, yaani makumi ya siku: miongo 36, kisha siku tano za nyongeza. Ndio mwaka unaofunguliwa Makunduchi kwa Mwaka Kogwa, pale wanaume wanapopigana kwa makuti na vigogo vya migomba, kibanda kikatiwa moto, na watu wakaenda kukoga baharini. Mtoto wa kike aliyezaliwa siku hizo aliweza kuitwa Mwaka, na jina likawa ndilo cheti chake. Kwa hesabu ya asili kalenda hii haina siku ya nyongeza ya kila miaka minne, na kwa sababu hiyo nayo hurudi nyuma, ingawa polepole sana: siku moja kwa kila miaka minne. Katika karne ya 19 wageni walioandika habari za Unguja waliikuta sikukuu hiyo mwishoni mwa Agosti. Sasa huangukia Julai. Yule mtoto wa Mapinduzi, kwa miongo, alitimiza miaka yake 60 tarehe 28 Disemba 2023, siku 15 kabla ya miladi.

Kuna jambo jengine ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linalochanganya zaidi kuliko miezi na miaka, nalo ni saa ambayo siku inaanza. Kwa desturi ya Waswahili na kwa hesabu ya Kiislamu, siku huanza jua linapozama. Mtoto aliyezaliwa Alhamisi saa mbili za usiku amezaliwa usiku wa kuamkia Ijumaa, na anaweza kupewa jina la Juma bila ya mtu yeyote nyumbani kuona ajabu. Hospitali, ambayo siku yake huanza saa sita za usiku, itamwandikia Alhamisi. Miaka 40 baadaye Juma akitafuta tarehe yake katika kalenda ya zamani ataikuta Alhamisi, naye atadhani ama wazee wake walisahau ama karani alikosea.

Wapo mashuhuri waliopatwa na mgongano wa aina hiyo. Kwa Waakan wa Ghana jina Kwame hupewa mvulana aliyezaliwa Jumamosi, lakini Kwame Nkrumah aliandikwa na padri kuwa amezaliwa tarehe 21 Septemba 1909, ambayo ilikuwa Jumanne. Mwenyewe aliona kwamba tarehe iliyo karibu na ukweli ni 18 Septemba, Jumamosi. Kati ya jina na kitabu cha padri, aliliamini jina.

Kwengineko hata idadi ya miaka haikutegemea siku ya kuzaliwa. Korea Kusini, kwa mila yao, mtoto huhesabiwa ana mwaka mmoja siku anayozaliwa, na wote huongezeka mwaka siku ya kwanza ya Januari. Aliyezaliwa 31 Disemba alikuwa na miaka miwili kesho yake. Sheria iliyoanza kutumika Juni 2023 ndiyo iliyoifanya hesabu ya kawaida ya miladi kuwa rasmi. Mishumaa juu ya keki ni desturi ya Ujerumani ya karne ya 18, ambako hadi leo kumpongeza mtu kabla siku yake haijafika huonekana ni mkosi. Na Waajemi, wale wale tuliopokea kwao Nairuzi, waliandikwa na Herodotus, mwanahistoria wa Kiyunani, katika karne ya tano kabla ya Kristo kuwa waliitukuza siku ya kuzaliwa kuliko siku zote, tajiri akichoma ng'ombe, farasi au ngamia mzima.

Desturi hiyo ya mlo wa kila mwaka haikushika mizizi kwetu. Kilichotiliwa mkazo ni akika, yaani kumchinjia mtoto mnyama, siku ya saba na kutoka nje mtoto anapotimiza arubaini, na baada ya hapo uzazi unaosherehekewa kila mwaka ni wa Mtume, tarehe 12 Mfunguo Sita (Rabiul Awwal), kwa kusoma Barzanji, kitabu cha maulidi, kufukiza udi na kunyunyizana marashi.

Anayetaka kujua umri wake wa Hijria na azidishe miaka yake ya miladi kwa 34, kisha agawe kwa 33. Kwa hesabu hiyo hiyo, siku zake mbili hukutana karibu karibu anapofika miaka 33, zikipishana kwa siku nne au tano. Akijaaliwa kufika 65 atakuwa na 67 ya Hijria, na safari hiyo zitapishana kwa siku zipatazo mbili tu, kiasi kwamba wajukuu wakitaka keki na yeye akitaka kisomo, wageni ni wale wale.