Ukumbi wa serikali si wa bure, na tarehe haishikwi kwa mdomo

Kila ikikaribia Shaaban simu za ofisini kwetu, tunakokodisha ukumbi wa serikali hapa Zanzibar, hazipumui, kila mtu anataka amalize harusi yake kabla ya Ramadhani, na safari hii malalamiko yamezidi mpaka tumeagizwa tutoe elimu kwa umma. Lalamiko linalorudi sana ni hili: "ukumbi umejengwa kwa kodi zetu, kwanini tunalipishwa tena?" Ni suali halali na anaeuliza ana haki ya kujibiwa.

Pesa ya kujenga ni nyengine na pesa ya kuendesha ni nyengine. Fungu tunalopata kwenye bajeti inayopita Baraza la Wawakilishi likishalipa mishahara halibakishi kitu cha kuwasha viyoyozi usiku kucha. Ile ada yenu ndo inayolipa bili ya umeme ya ZECO, wanaodeki alfajiri, viti vilovunjika, na dizeli ya jenereta. Kuna wanaosema jenereta la nini na umeme upo. Jamani, umeme wetu unatoka bara kwa waya wa chini ya bahari, na watu wazima wanakumbuka Unguja ilivokaa kiza toka Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu. Ukumbi wa umma hauwezi kukaa bila ya jenereta.

Na hili si letu peke yetu. AICC, kile kituo cha mikutano ya kimataifa cha Arusha, iliundwa 1978, mwaka mmoja baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, ni mali ya umma vilevile na inajiendesha kwa kukodisha kumbi, ofisi na nyumba. Watu wanaona mikutano ya serikali kwenye TV, pale Sheikh Idris Abdul Wakil Kikwajuni au Makonyo kule Wawi, Pemba, wanadhani kumbi za umma hazina gharama. Zina gharama.

Sasa tarehe. Mtu anakuja kwa ujasiri anasema "nshaongea na fulani, kanishikia". Hakuna kushikiwa. Utaratibu ni kwamba unajaza fomu, unaambatanisha kopi ya kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, unaandika aina ya shughuli, idadi ya wageni, saa ya kuingia na saa ya kutoka, na tarehe mbili, ile unayoitaka na ya akiba. Ikiwa tarehe iko wazi unapewa kontrol namba, yaani namba ya kulipia serikalini, unalipa benki au kwa simu, risiti ikitoka ndo tarehe yako, kabla ya hapo si yako hata kama fomu imegongwa muhuri. Kontrol namba ina muda wake, ukipita inakufa yenyewe na tarehe inakwenda kwa alie nyuma yako, hatukunyang'anyi. Usimtumie pesa mfanyakazi kwenye simu yake, awe na kitambulisho cha kazi shingoni au hana. Akikwambia "nipe mimi nikulipie" hiyo ni kesi ya ZAECA, mamlaka ya kupambana na rushwa, yeye atajibu, na wewe uliempa ili upite mbele ya wenzako utajibu pia. Foleni ya maandishi ndo inayomlinda mtu wa Makunduchi ambae hana mjomba wala shemegi ofisini. Tukianza kushikiana kwa mdomo, huyo hatopata ukumbi maisha.

Kuna siku hatutoi kabisa, zile za kuelekea Januari 12, Siku ya Mapinduzi, msituombe. Na mara mojamoja inatokea shughuli ya kitaifa ya ghafla ikachukua tarehe ya mtu alieshalipa. Najua inavouma, kadi zishatawanywa na mpishi kashachukua advansi. Ikitokea, unaandikiwa barua na unachagua tarehe nyengine au unarejeshewa pesa yako yote bila ya makato.

Shughuli ya wanawake watupu iandikwe kwenye fomu, tafadhali sana. Tukijua mapema, fundi mwanamme anatega spika, anajaribu maiki, anatoka kabla wageni hawajaanza kuvua mabaibui, na kwenye mixa anakaa dada wetu anaeijua kazi hiyo. Usipoandika, inafika saa tatu usiku bi harusi yuko mlangoni na ndani kuna wanaume wawili wanahangaika na waya, halafu lawama zinakuja kwetu.

Na chetezo. Hatukatazi udi, harusi bila ya udi haijakamilika, lakini kwenye dari kuna vifaa vya kugundua moshi, ukikiweka chetezo chini yake king'ora kinalia na ukumbi mzima unakimbilia mlango mmoja na watoto. Udi ufukizwe barazani. Wapambaji wamezua mtindo wa kupanda ngazi na kukifunga kifaa kwa mfuko wa nailoni na selotepu, hilo narudia ni marufuku, na dhamana yote, ile pesa unayoiweka kwetu na kurejeshewa baada ya shughuli, inapotea hata kama hakuna kilichoungua. Ukipiga misumari ukutani, dhamana inakatwa kwa kila tundu. Ukizidisha saa inakatwa pia.

Skuli, vikundi vya maulidi ya Mfungo Sita na jumuiya zisizo za biashara zina bei nafuu, ni haki yao, wengi hawaijui na wanaacha kuja. Walete barua yenye muhuri. Lakini wapo wanaoandika "semina ya jumuiya", usiku wanashuka na keki na bwana harusi, na kwa hilo hatuna huruma: tofauti ya bei inatolewa kwenye dhamana na jina linawekwa kwenye orodha ya wasiokodishwa. Nafasi hiyo ya nafuu ni ya watoto wa skuli.

Dhamana hairudi usiku uleule. Asubuhi tunakagua pamoja, viti vinahesabiwa, kuta zinaangaliwa, pande mbili zinasaini. Anaesaini awe yuleyule mwenye jina kwenye risiti, kwaio kama alielipa ni kaka wa bi harusi basi kaka ndo aje, au aandike barua ya kumruhusu mwengine na aambatanishe kopi ya kitambulisho chake.