Fremu ya kidijitali ya kumpelekea mama kijijini: angalia vidole vyake kwanza, mambo ya kwenye boksi baadae

Kila ikikaribia Krismasi simu zinaanza, wengi wako Dar na Dodoma, wengine wako nje kabisa, na swali ni lile lile, kaka nataka ile fremu ya picha ya kidijitali nimpelekee mama awe anaona wajukuu, nichukue ipi? Fremu hiyo ni kioo kama cha tableti kinachopitisha picha moja baada ya nyingine. Mimi nina studio ya picha hapa Mwanjelwa, Mbeya, na vioo natengeneza pia, simu, tivii ndogo, na hizi fremu zikizingua zinaletwa kwangu, kwa hiyo nimeziona zikiwa mpya na nimeziona zikiwa zimefunguliwa mgongo. Leo naandika yote sehemu moja ili nikiulizwa nikutumie hii.

Naanza na vidole, maana ndo kitu ambacho hakuna mtu anakiulizia. Mwaka jana mwezi wa saba dada mmoja mteja wangu alinunua fremu nzuri tu, ya tachi, akaniomba nikaifunge kwa mama yake Tukuyu. Tumefika asubuhi, baridi la mwezi wa saba mnalijua, ukungu haujaisha, nimemsalimia mama, tumekunywa chai, nikaiweka juu ya shokesi nikamwonesha, mama ukitaka kurudisha picha iliyopita unapitisha kidole hivi. Akapitisha, haikwenda. Akapitisha tena, haikwenda. Mama huyu amechuma chai miaka mingi, ncha za vidole vyake zimekuwa ngumu na kavu kabisa, na tachi ya siku hizi haifanyi kazi kwa kubonyezwa, inafanya kazi kwa kuhisi kaumeme kadogo kadogo kanakopita kwenye ngozi yenye unyevu kidogo, sasa ngozi ngumu, kavu, na ya baridi, kioo kinaiona kama kijiti tu. Yeye hajui hilo, akaona labda anagusa kwa uoga, akakandamiza kwa nguvu, fremu ikarudi nyuma ikagonga ukuta. Akatoa mkono haraka, akaniambia mwanangu nisije nikakiharibu hiki kitu cha watu, na toka pale hakukigusa tena.

Kwa hiyo mi ushauri wangu uko hapo. Fremu rahisi kutumia kwa mzee ni ile ambayo hahitaji kuigusa kabisa, yani inawaka yenyewe, inaonesha yenyewe, picha mpya zinaingia zenyewe, usiku inalala yenyewe. Mambo mengine yote utayafanya wewe au kijana wa jirani, mara moja tu.

Ukiwa dukani fanya hivi kabla hujatoa hela. Mwambie muuzaji aiwashe mpaka picha zianze kupita, afu wewe chomoa waya kwenye soketi, hesabu mpaka kumi, chomeka tena, kaa kimya uangalie. Ikiwaka yenyewe na ikarudi kwenye picha bila mtu kubonyeza chochote, hiyo endelea nayo. Ikikuletea menyu, au inakuuliza lugha, au imebaki nyeusi inasubiri mtu abonyeze kitufe cha mgongoni, achana nayo hata kama kioo chake kinang'aa vipi, maana fremu hizi nyingi hazina betri ndani, na umeme ukikatika mara tatu kwa wiki ni mara tatu mama anakaa na kioo cheusi mpaka apite mtu.

Kitu cha pili ni saa ya kujizima. Yule mama wa Tukuyu usiku alikuwa anaifunika na kile kitambaa cha kufuma cha kwenye kochi kwa sababu mwanga ulikuwa unamzuia kulala, na ukifunika kifaa kinachowaka unakizuia kupumua, kinapata joto. Nilivyorudi nikaweka izime saa tatu usiku iwake saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tatizo likaisha. Ila hapa kuna kakitu, zile fremu za bei ndogo zisizo na waifai mara nyingi umeme ukikatika saa yake inapotea, inaanza upya, sasa unakuta inazima mchana inawaka saa nane za usiku. Za waifai zinachukua saa kwenye mtandao, zinajirekebisha zikishika tena intaneti. Na kuna zingine zina sensa ya kuhisi mtu akipita ndo ziwake, zinasifiwa sana, ila kwa mzee mimi naizima hiyo sensa. Mzee anakaa ametulia nusu saa anaangalia picha, hajisogezi, fremu inaona chumbani hakuna mtu inajizima mbele ya macho yake.

Sasa waifai au memori kadi? Kama kijijini mtandao unashika, waifai haina mpinzani. Nyingi zinazokuja huku zinatumia apu inaitwa Frameo, fremu za kampuni tofauti tofauti lakini apu ni hiyo moja, fremu inakupa namba za kuunganishia, unaziingiza kwenye simu yako, basi ukiwa Dodoma ukituma picha inatokea Tukuyu. Ninachoipendea ni kwamba picha zinakaa ndani ya fremu yenyewe, bando likiisha mama anaendelea kuona zilizokwishaingia. Kuna zingine kama Aura zinategemea zaidi mtandao na hazina sehemu ya kuchomeka kadi, ni nzuri sana kwa nyumba yenye intaneti ya kudumu, kwa mama anayetegemea hotspoti ya mjukuu akija wikiendi mi siwezi kukushauri. Zingine zina vitu vya ziada unavilipia kila mwaka, uliza kabla. Na zile namba za kuunganishia wapeni watoto na wajukuu tu, msizirushe kwenye grupu la ukoo lenye watu mia mbili, maana mwenye nazo anaweza kuomba kutuma picha sebuleni kwa mama yenu.

Halafu hili limerudisha watu wengi dukani wakidhani wameuziwa mbovu, fremu nyingi zinashika waifai ya 2.4 GHz tu, ya 5 GHz haziioni kabisa (hayo ni masafa mawili ya mawimbi ya waifai). Kama unatumia hotspoti ya simu ingia kwenye seti za hotspoti uichague 2.4, kwenye iPhone kuanzia 12 unawasha ile sehemu ya Maximize Compatibility. Dakika moja tu.

Bando lisikutishe. Picha ikishapita WhatsApp kwa kawaida inabaki na kama pikseli (vile vidoti vinavyounda picha) 1600 upande mrefu, uzito wake mara nyingi KB mia mbili mia tatu hivi, na fremu ya inchi 10 yenye kioo cha 1280 kwa 800 inatosheka kabisa na hiyo, yani wale wanaosema picha za WhatsApp hazifai kwenye fremu wanawatisha watu bure. Picha ishirini ni kama MB 5. Na kwa uzito huo GB 8 zinabeba picha zaidi ya elfu ishirini, kwa hiyo muuzaji akitaka umuongezee hela kwa sababu ya GB 64, mwambie hapana asante.

Kama hamna mtandao basi chukua ya kadi au flashi, haina shida, ila kadi iwe GB 32 kushuka chini. Za 64 zinakuja zimefomatiwa kwa exFAT na fremu nyingi za bei ndogo zinasoma FAT32 tu, hizo ni namna mbili za kupanga mafaili ndani ya kadi. Kadi za bei ya kutupa nyingine zimeandikwa GB 64 kumbe ndani ni 8, niliwahi kupakia picha za harusi nzima za mteja kwenye moja ya namna hiyo, nusu zikafunguka nusu zikawa rangi ya kijivu tupu, toka siku ile kila kadi naipima kwanza kwenye kompyuta na programu ya H2testw kabla haijabeba picha ya mtu. Na wenye iPhone, picha zenu zinatoka kwa aina ya faili inaitwa HEIC ambayo fremu hizi za kadi haziijui, nenda kwenye seti za kamera, Formats, weka Most Compatible, zitoke JPEG, aina ya kawaida ya faili la picha.

Kioo chenyewe, hapa naomba unisikilize vizuri. Tafuta kilichoandikwa IPS, aina ya kioo kinachoonekana vizuri hata ukikiangalia kwa pembeni. Vile vya bei rahisi ni TN, ukikiangalia usoni moja kwa moja ni kizuri, muuzaji anakishika usawa wa macho yako unaridhika, sasa kipeleke nyumbani, kinawekwa juu ya shokesi, mama amekaa kwenye kigoda karibu na jiko la mkaa, anakiangalia kutokea chini. TN ikiangaliwa kutokea chini inafifia na rangi zinageuka, na sisi na ngozi zetu nyeusi ndo tunaumia zaidi, sura za watoto zinakuwa doa jeusi lenye meno. Kwa hiyo dukani chuchumaa. Kweli kabisa, chuchumaa mbele ya kaunta uangalie kwa chini, afu pembeni, sura ikibaki sura nunua.

Afu isimamishe wima. Boksi zote zinaonesha fremu imelala, lakini wajukuu wote wanapiga simu ikiwa wima, ukiilaza unapata picha nyembamba katikati na weusi huku na huku, au fremu inaamua kujaza kioo chote inakata vichwa. Angalia kile kiguu cha nyuma kama kinakubali pande zote mbili, vingine vinakubali kulala tu.

Umeme. Hizi nyingi ni volti 5 ampea 2, yani wati 10 kwa juu kabisa, ukiiwasha masaa kumi kwa siku unamaliza yuniti moja kwa siku kumi, sio kitu cha kumfanya mama aizime. Yenye waya wa USB ni bora zaidi kwa sababu hata ile sola ndogo ya nyumbani yenye tundu la USB inaiendesha, ilimradi inatoa ampea 2, ikitoa 1 fremu inaweza kuwa inawaka inazima inawaka inazima. Kama ndugu anakuletea kutoka Marekani soma kiadapta chake, iandikwe INPUT 100-240V, ikiwa ni 120V peke yake usichomeke hapa kwetu kwenye 230, hata kama umepata kichwa cha kubadilishia pini, kile kichwa hakipunguzi umeme.

Sasa mkishapata fremu msijaze picha za wajukuu peke yake. Hii nimeijifunza kwa wazee wenyewe, wajukuu wanawafurahia lakini wanaposimama wakasogea karibu ni pale inapopita picha ya zamani, ile nyeusi na nyeupe ya miaka ya sabini, baba na suruali pana amesimama na baiskeli. Omba albamu, zitoe kwenye zile nailoni, weka karibu na dirisha asubuhi pasipo jua la moja kwa moja, simu iwe sambamba na picha, taa ya flashi izime. Ukija kwangu nazipitisha kwenye skana kwa dpi 300, yani nukta 300 kwa kila inchi, na inatosha kabisa kwa kioo hiki. Ila picha za marehemu uliza kwanza. Kuna mama alifurahi kumuona mumewe kila siku, na kuna mwingine Njombe aliomba zitolewe kwa sababu ilikuwa inamtokea ghafla akiwa anakula, mwenye nyumba ndo anajua moyo wake.

La mwisho ni muda wa picha kukaa. Fremu zinatoka kiwandani zikiwa zimewekwa sekunde chache, kumi hivi, kwa mtu wa dukani inapendeza, kitu kinachangamka. Nilivyorudi Tukuyu kuweka ile saa ya kujizima nilimuuliza mama kama kuna kingine, akasita, afu akasema mwanangu, wanaondoka kabla sijawaona vizuri. Alikuwa anaanza kumtambua huyu ni wa nani, amefanana na nani, picha imeshakwenda, na kurudisha hawezi kwa sababu ya vile vidole. Nikaweka dakika tano. Ikatulia picha ya mjukuu wake wa kwanza na sare za shule, mama akasogeza kigoda, akatengeneza khanga begani, akamwangalia soksi, akamwangalia viatu, akasema huyu ana miguu ya babu yake, ndaga fijo mwanangu, yani asante sana kwa Kinyakyusa. Sa hivi kila fremu inayopita mikononi mwangu naiweka dakika tano kabla sijaifunga boksi, na anayeenda kuifunga namwambia asibadilishe mpaka amuulize mwenyewe.