Kucha kuchelewa kurudisha rangi si kukosa damu

Wengi husema kucha ikibonyezwa na kuchelewa kurudisha rangi, mgonjwa hana damu. Sivyo. Kipimo hicho huonyesha damu inavyofika vidoleni, si wingi wake. Upungufu wa damu utafute ndani ya kope la chini na kwenye viganja. Tena Julai, Mbeya au Makete, baridi peke yake hubana mishipa ya vidole. Mpashe mgonjwa mikono joto kwanza. Futa rangi ya kucha (hina haifutiki, hamia kifuani), inua mkono usawa wa moyo, bonyeza sekunde 5, achia, hesabu sekunde hadi rangi irudi. Zikizidi 3, rudia juu ya mfupa wa kifua. Hapo nako pakichelewa, pima mapigo na presha, mwite daktari.