Je, Wajua Kwa Nini Wanajeshi wa NATO Bado Wako Kosovo?

Tarehe 12 Juni 1999 wanajeshi wa jumuiya ya kujihami ya NATO waliingia Kosovo, baada ya mashambulizi ya anga ya siku 78 yaliyoilazimisha Yugoslavia kuondoa majeshi yake katika jimbo hilo la Serbia, iliyokuwa sehemu ya Yugoslavia, ambako mamia ya maelfu ya Waalbania, walio wengi Kosovo, walikuwa wamefukuzwa makwao. Kikosi hicho, KFOR, kilifikia askari wapatao 50,000. Leo wamesalia maelfu machache tu, lakini hakijaondoka.

Sababu mojawapo ni ya kisheria. Azimio namba 1244 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikipa kikosi muda wa awali wa miezi 12, kisha likaeleza kwamba kazi yake itaendelea mpaka Baraza liamue vinginevyo. Vikosi vingi vya kulinda amani hupoteza idhini yao muda usipoongezwa kwa kura. Kwa KFOR ni kinyume chake, kwani kura inahitajika ili kuifuta idhini hiyo, na Marekani, Uingereza na Ufaransa zina kura ya turufu.

Hata hivyo, sheria pekee haimzuii mtu kufungasha na kurudi kwao. Lenye uzito zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba Kosovo ilijitangazia uhuru tarehe 17 Februari 2008 na Serbia ikakataa kuutambua, huku ndani ya NATO yenyewe Hispania, Ugiriki, Romania na Slovakia nazo zikiwa hazijautambua. Kwa hiyo KFOR haina msimamo kuhusu hadhi ya Kosovo, na ndiyo maana Waalbania huiona kuwa ngao yao dhidi ya kurudi kwa jeshi la Serbia, ilhali Serbia, iliyopigwa mabomu na jumuiya hiyohiyo, huitaka iwalinde Waserbia wa kaskazini mwa Kosovo.

Ulinzi huo una gharama. Mwezi Mei 2023 Waserbia wa Zvečan, mji wa kaskazini humo, walipowapinga mameya wa asili ya Kialbania, waliochaguliwa katika kura ambayo Waserbia waliisusia, makumi ya askari wa Italia na Hungaria walijeruhiwa. Mwezi Septemba watu wenye silaha walimuua polisi wa Kosovo katika kijiji cha Banjska, pia kaskazini, na NATO, badala ya kuendelea kupunguza askari, ikaongeza wengine.