Usaha wa sikio unapoficha saratani

Wengi ninaowakuta na saratani ya mfereji wa sikio wameshatumia dawa za matone kwa miezi. Siwalaumu. Ugonjwa huu ni adimu, hukadiriwa kumpata mtu 1 hadi 6 katika kila watu milioni 1 kwa mwaka, na huanza kama sikio bovu la kawaida: usaha, harufu, kutosikia vizuri. Kinachonitia wasiwasi ni maumivu makali yanayomnyima mtu usingizi, usaha wenye damu, au kinyama ndani ya mfereji kisichonywea kwa dawa. Hapo siandiki chupa nyingine ya matone. Nakata kipande kiende maabara. Tukisubiri mpaka uso upinde upande mmoja, ugonjwa umeshaishika neva ya uso, nayo hiyo ni hatua ya mwisho kati ya nne.

Kwa wenzetu wenye ualbino, saratani mara nyingi huanzia nje, kwenye kidonda cha jua juu ya sikio. Kikipuuzwa huingia mferejini, mfupani na kwenye tezi ya mate iliyo mbele ya sikio. Ndiyo maana naithamini sana losheni ya kukinga jua ya Kilisun inayotengenezwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, pamoja na kofia pana.

Kabla ya upasuaji, kipimo cha picha cha CT scan hunionyesha mfupa ulioliwa, na kile cha MRI hunionyesha kama utando wa ubongo umeguswa.

Uvimbe huu haufai kuchokolewa vipande vipande, maana seli zinazobaki huota tena. Ugonjwa ukiwa bado mferejini, tunautoa mfereji wote kwa pamoja: ngozi, mfupa unaouzunguka, ngoma ya sikio, na vifupa viwili vya kusikia vilivyo nyuma yake. Neva ya uso tunaifuata milimita kwa milimita ili ibaki. Mara nyingi tezi ya mate na mitoki ya shingo huondolewa pia, kisha pengo huzibwa kwa nyama kutoka sehemu nyingine ya mwili. Saratani ikishaizunguka ateri kubwa iendayo kwenye ubongo, kuitoa yote huwa vigumu sana.

Ikiwa saratani ilishakula mfupa, tiba ya mionzi hufuata kwa takriban wiki 6. Miaka baadaye mfupa uliochomwa na mionzi unaweza kufa na kutoa usaha, kwa hiyo kliniki haiachwi hata mtu akijiona amepona.

Swali ninaloulizwa zaidi ni la kusikia. Sikio la ndani likibaki salama, kipo kifaa kinachopeleka sauti kwa kuutikisa mfupa wa kichwa, nacho huwasaidia wengi.